Jiwe la Mama Mkubwa

Tsssss. Kimya kidogo. Halafu mpira unalia, nywii, ukivutwa kufunga mdomo wa mfuko. Tsssss, nywii. Hadi leo nikipita mtaa wa Majengo nikamkuta fundi baiskeli anajaza tairi upepo, shingo inageuka yenyewe na macho yanamtafuta mgeni wetu.

Sauti hiyo ilikuwa inatoka kwenye chumba cha nyavu, nyuma ya nyumba ya mama mkubwa, kisiwani. Mgeni alikuwa anachota maji ya ziwa kwenye mfuko wa nailoni, anamtia humo samaki mdogo, mzima, anayehema, kisha anaingiza gesi kutoka kwenye mtungi mrefu wa chuma mpaka mfuko unavimba kama kiwele cha ng'ombe wa asubuhi. Anaufunga kwa mpira, anaulaza kwenye boksi, anachukua mwingine. Mimi na mama mkubwa tulikuwa tunakaa uani kuchambua dagaa, na kila tsssss ilipolia yeye alikuwa anaacha kuchambua.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Ile hewa inatoka wapi?"

"Kwenye mtungi."

"Na huko kwenye mtungi imeingiaje?"

Naye alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na jina langu halikutokea kwa waliochaguliwa. Mama alinuna kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria mengine: nitakuwa mshonaji, nitakuwa nesi, nitakuwa na duka lenye kabati la kioo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, Sumbawanga ilikuwa imejaa vitu ghafla, mitumba imetundikwa hadi kwenye miti, sabuni za kunukia, redio zenye spika mbili, na kila mtu ama anakwenda kutafuta biashara ama anarudi kusema ameshaipata. Mama akaona kabla sijapaa zaidi niteremke ziwani nikakae na dada yake, mjane, anayeanika dagaa peke yake. Akanipa gunia la mahindi ambayo hayajapukuchuliwa nimpelekee. Ukitoka Sumbawanga umevaa sweta; ukifika Kabwe unatamani uvue na ngozi.

Kutoka Kabwe ni boti. Kisiwa chenyewe ni kidogo, mtu akikohoa upande wa mashariki, wa magharibi anamwambia pole. Huko magharibi ndiko kuna mwamba: mawe yanaanzia nchi kavu, yanaingia majini yanashuka kama ngazi za kanisa, mpaka pale maji yanapoacha ukijani na kuwa bluu iliyoiva. Maji yake yako wazi kiasi kwamba ukiangusha sindano unaiona mpaka inapolala. Karibu na ukingo, katikati ya mawe, kuna mashimo, na ndani ya mashimo hayo wanawake wa kisiwa wanaloweka mihogo mpaka ilainike na kuacha uchungu. Kila nyumba ina shimo lake, na kila shimo lina jiwe lake la kufunikia.

Hilo jiwe si la kuokota tu. Mwanamke akiolewa kisiwani, mama mkwe wake anakwenda kumchagulia, analileta mwenyewe, analiweka. Kuanzia siku hiyo huyo ni mtu wa pale. Na akitokea mwanamke aliyekosea kosa la kuumiza kisiwa kizima, hawamtukani wala hawampeleki kwa mwenyekiti. Wenzake wanalitoa jiwe lake majini na kuliweka mlangoni kwake. Akifungua mlango akalikuta, anajua afungashe. Mama mkubwa alikuwa ameliona likifanyika kwa mwenzake mmoja. Nilipomwomba anisimulie alisema ugali unaungua, na jikoni hapakuwa na moto.

Yeye angekwenda wapi? Mashamba ya baba yao kule juu kaka zake walishagawana. Mtoto Mungu hakumjalia. Na ingawa alikuwa amekaa kisiwani tangu ujana, bado walimwita "wa juu", kwa mzaha, lakini mzaha ambao hauishi. Nyumba, chanja za dagaa na lile jiwe la kijivu lenye mstari mweupe, hayo ndiyo yalikuwa maisha yake.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuosha vyombo mwambani. Ukizamisha sufuria yenye ukoko, samaki wadogo wanakuja mbio kama watoto wanaosikia kengele ya mapumziko. Wanawake walikuwa wamewapa majina kwa sura zao. Kulikuwa na askari, wenye mistari begani. Kulikuwa na nyota, vitoto vyeusi vyenye madoadoa meupe, vinachungulia kwenye nyufa na kurudi ndani. Na kulikuwa na mapadri: weusi tii, wanene kidogo, na mkanda mmoja mweupe shingoni. Hao ukoko hawakuujali sana. Walikuwa wanakuja kuangalia tu, halafu wanageukia mawe na kuyabusu, tu-tu-tu, mchana kutwa, kama wanaosali. Mmoja alikuwa na pezi la mkia lililokatika pembe. Huyo alikuwa wangu. Kila nikishuka na sufuria anakuwepo.

Sasa huyo mgeni alifika kwa boti ya mashine, na mitungi, na nguo ya mpira mweusi, na miwani inayofunika nusu ya uso. Mara alisema anatoka Kigoma, mara alisema Dar. Alipowakuta wanawake ufukweni akapunga mkono: "Mambo vipi, mama zangu!"

Bibi, yule mkongwe kuliko wote ambaye mambo ya mwambani yote yalikuwa chini yake, alimtazama kuanzia viatuni.

"Mambo ni yako," alisema. "Sisi hapa tunaamkiwa."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuchukua samaki. Hawa wadogo wa kwenye mawe. Wazima."

Ndivyo alivyosema, nakumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye nilikuja kulitafuna neno hilo sana.

Jirani yetu, mke wa fundi wa mitumbwi, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka maji, ndiye aliyeuliza: "Wa kula?"

"Hapana. Wa kuangalia. Ulaya watu wanawaweka kwenye sanduku la kioo, sebuleni."

"Wanawaangalia wanafanya nini?"

"Wanaogelea."

"Basi?"

"Basi."

Jirani alicheka mpaka khanga ikamlegea. "Mtu mzima na akili zake anakaa kitini anaangalia samaki anaogelea! Si aje hapa nimpe jiwe akae bure?"

Bibi hakucheka. Alimwonyesha mgeni kwa fimbo yake jiwe moja kubwa lililochomoza majini kama mgongo wa kiboko. "Ng'ambo ya lile, kwenye kina, fanya unalofanya. Upande huu ni wa mihogo yetu. Huku usiguse kitu."

"Nimeelewa, Bibi. Sitagusa."

Alihitaji chumba cha baridi, na chumba cha nyavu cha marehemu baba mkubwa ndicho kilichokuwa na kivuli. Mama mkubwa alikubali kwa sababu mgeni aliahidi kuliziba paa lake, na kweli alilipigilia bati jipya. Bati hilo lilimeta hadi Kabwe, nadhani. Maneno nayo yakameta.

"Mgeni anamwezekea mjane bati," alisema jirani kwenye chanja, bila kupunguza sauti. "Kwa ajili ya visamaki vya kubusu mawe! Mtaniambia. Huyo anatafuta madini. Samaki ni geresha. Anazama kule chini anachokoa, halafu juu anatuonyesha mapadri."

"Na mtungi?" mwingine akauliza.

"Mtungi ndio wa kuvutia hayo madini. Hamjasikia unavyonyonya?"

Mimi nilitaka kumwamini mgeni. Nilimuuliza mambo ya lile sanduku la kioo mpaka akachoka: lina taa? Wana mawe? Wanasikia redio ya mwenye nyumba? Alinijibu yote kwa kucheka. Nilikuwa nalala namwona padri wangu kwenye chumba chenye zulia, anapita nyuma ya kioo na watu wanasema jamani, njooni muone. Lakini kuna siku aliniambia kwamba zile nyota zenye madoadoa ni watoto wa mapadri.

"Mbona hawafanani hata kidogo?"

"Wewe ulipozaliwa ulifanana na mama yako?"

Nikaona huyu anadhani mimi sina akili. Kuanzia siku hiyo kila alichosema nilikuwa nakipima kwanza. Na mama mkubwa alishaniambia: "Jicho lako kali. Uwe unamwangalia. Usimuulize kitu, mwangalie tu."

Basi nikawa namwangalia. Nilimwona anawachagua samaki, wengine anawarudisha ziwani, wengine anawabakiza kwenye beseni, na sikujua anachagua kwa nini. Nilimwona anaonja maji ya beseni kwa ulimi. Nilimwona anavyofunga mlango wa chumba akisikia hatua. Jirani naye alimwona, siku alipokuja kuazima moto, na alichoona yeye kilitosha kisiwa kizima: mgeni ameshika samaki kwenye kiganja, anamchoma sindano ubavuni.

"Sindano!" Alifika kwenye chanja anahema. "Kwa macho yangu haya mawili. Anawapiga sindano, halafu anawarudisha majini!"

Mgeni alieleza kwamba samaki akitolewa kwenye kina tumbo linamjaa hewa, hivyo anamtoboa apumue. Alieleza vizuri tu. Lakini alieleza huku anacheka, na watu walikuwa wameshachoka na kicheko chake. Mama mkubwa hakumtetea. Usiku ule alitoa mihogo yake shimoni kabla haijalainika, tukala ulezi wa kule juu, na hakuna aliyesema kwa nini.

Halafu Bibi akaanguka.

Ilikuwa asubuhi tu, ameshuka kufunika mihogo, kwenye jiwe la kukanyagia ambalo kila mwanamke analikanyaga akielekea mashimoni. Mguu ukamtoka. Tulisikia kapu likidondoka, halafu sauti yake mwenyewe, ya hasira kuliko maumivu: "Jiwe hili! Jiwe hili!" Mkono wake ulivimba kwenye kifundo. Wakati wanamfunga kwa kitambaa alikuwa anarudia kwamba jiwe lile limembeba tangu alipoletwa na mume wake akiwa mwali, limembeba na mimba, limembeba na makapu, na leo limemtupa.

Jirani alipitisha kidole juu ya jiwe, akakiinua tukione. Kilikuwa kinang'aa, kijani, kama ukoga wa meno.

"Kapaka kitu," alisema.

Wanawake wote walikuja uani kwetu. Mgeni alitoka chumbani na glavu zake. Aliposikia shtaka akacheka tena, na hapo ndipo alipokosea kabisa.

"Mama zangu, huo ni utelezi tu wa ziwa. Nipake mawe nipate faida gani?"

"Hilo ndilo tunalokuuliza wewe," alisema Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, mkono kifuani. Kisha hakumwangalia tena mgeni, alimgeukia mama mkubwa. "Wa juu. Huyu ni wako?"

Mama mkubwa alikuwa ameshika ungo. "Analala kwangu, Bibi."

"Basi sikiliza. Nimeloweka leo. Mihogo yangu ikitoka majini nitapita pale pale nilipoanguka. Jiwe likinishika, tutasema ni ziwa. Likinitupa, au likimtupa mwingine, jiwe lako utalikuta mlangoni."

Waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mama mkubwa alibaki ameushika ule ungo mtupu na kuupeta. Alipeta hewa.

Nilishuka mwambani na sufuria, si kwa sababu ilikuwa chafu. Nilitaka kukaa na mapadri nilie kidogo mbele yao. Nikazamisha sufuria. Askari wakaja. Nyota wakachungulia. Padri, hakuja hata mmoja. Nikasubiri, nikabandua ukoko mwingine, nikagonga jiwe kwa kucha kama nilivyozoea. Hakuna mkanda mweupe popote. Nikavuka mashimo, kila jiwe linaniteleza chini ya nyayo, nikashika hapa na pale, mpaka nikafika kwenye lile jiwe la mpaka, mgongo wa kiboko. Nikalivuka.

Kule ng'ambo, kwenye maji ya magotini, mawe yalinikwaruza nyayo. Yalikuwa na ukali wa ulimi wa paka. Nikaangalia chini, na mapadri walikuwepo, kundi zima, tu-tu-tu, wanabusu mawe. Nikarudi upande wetu: utelezi. Nikaenda tena: ulimi wa paka. Nilienda na kurudi kama mwendawazimu. Nikakumbuka mdomo wa padri wangu kwenye jiwe, mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba alikuwa anakula.

Mgeni alikuwa amekwenda kwenye kina. Nikafanya alivyoniambia mama mkubwa, sikuuliza, niliangalia. Nikasukuma mlango wa chumba cha nyavu. Mabeseni yalikuwa yamefunikwa kwa magunia mabichi. Nikafunua la kwanza, la pili, na katika lile la pembeni akanigeukia mmoja, mnene, mkanda mweupe, pembe ya mkia imekatika. Alikuja juu akafungua na kufunga mdomo. Alidhani nimeleta sufuria.

Jumapili iliyotangulia, wakati kisiwa kizima kiko kigangoni katekista anasalisha, mgeni alikuwa amesema anajisikia uchovu, akabaki peke yake.

Nilimwita mama mkubwa, nikamwonyesha, nikamweleza mambo ya nyayo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atapiga kelele. Aliinama akamwangalia padri wangu.

"Tumemshuku madini," alisema polepole. "Tumemshuku sumu, na mtungi, na sindano, na mimi nikamshuku mpaka bati. Na yeye alituambia siku ya kwanza. Nimekuja kuchukua samaki. Mtu anakwambia mchana kweupe, wewe unamtafutia jambo lingine!"

Mgeni aliporudi, maji yanamchuruzika, alimkuta mama mkubwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba.

"Umechukua wa kwenye mashimo."

"Wachache tu, mama. Kule kwenye kina hawa wa mkanda ni wa kutafuta sana. Na hawa wamezoea watu, wanajileta wenyewe."

Hilo la kujileta wenyewe lilinichoma. Ni mimi niliyewazoesha, na ukoko wangu.

"Uliahidi."

"Mama yangu, samaki wa ziwa si wa mtu."

"Jiwe ni la mtu," alisema mama mkubwa. "Fungasha."

Alifungasha. Mchana wote tulisikia tsssss, nywii, tsssss, nywii, haraka haraka, na boti ilipokuja akapakia maboksi yake. Nilimwomba mgeni aniachie padri wangu. Nilimwomba kwa heshima zote, nikamwita kaka. Alinipigapiga begani, akasema, mdogo wangu, atakula vizuri kuliko wewe. Labda ilikuwa kweli. Mpaka leo nikiona kioo cha kabati la duka najiuliza kama alipofika kule alikibusu kioo, tu-tu-tu, akakikuta hakina ladha.

Mgeni alikuwa ameondoka lakini utelezi ulibaki, na mihogo ya Bibi ilikuwa inalainika. Mama mkubwa angeweza kunyamaza. Angeweza kusema alipaka sumu, nimemfukuza, kwisha. Wangemwamini upesi kuliko habari ya samaki. Nilimwambia hivyo, nikiwa na hofu yangu yote. Alinijibu: "Wakiamini ni sumu, watatupa mihogo yote ya kisiwa. Watu watakula nini?"

Siku Bibi alipokwenda kutoa mihogo, wanawake walikuwa wameshajaa mwambani. Jirani alikuwa ameingia majini hadi mapajani, amesimama kwenye shimo letu, mikono tayari juu ya lile jiwe la kijivu lenye mstari mweupe. Aliushika ule mstari mweupe kabisa. Nilitaka kumng'ata.

"Kabla hujakanyaga, Bibi," alisema mama mkubwa. "Utateleza. Nakwambia mapema. Hakupaka kitu. Amechukua mapadri wa upande huu, tukiwa kanisani, akawaweka chini ya paa langu na sikujua. Wale ndio waliokuwa wanakula huu ute."

Kilichofuata ni kicheko, cha jirani kikiwa mbele. "Visamaki vinafagia mwamba! Wa juu, huko kwenu kwenye ulezi ndiko mnakofundishwa hayo? Useme tu amekugawia madini!"

Sijui nilipata wapi miguu. Nilimwendea Bibi nikamshika mkono ule mzima. "Bibi, twende ng'ambo ya jiwe lako la mpaka. Ukanyage tu. Ukiona nadanganya, na mimi mnifungashe."

Alinitazama kuanzia viatuni, ingawa sikuwa na viatu. Kisha akaniegemea. Tulikwenda polepole, kiunoni nimemshika, hatua ya utelezi, hatua ya utelezi, wote wanatutazama kana kwamba nitamzamisha. Tulipolivuka lile jiwe Bibi akasimama. Akasugua unyayo wake mbele na nyuma juu ya jiwe. Akainama akaangalia mapadri. Akanirudisha upande wetu, akasugua unyayo huo huo hapo, karibu anitoke mikononi. Akarudi tena ng'ambo, kama nilivyofanya mimi, na nikajua ameshaelewa.

"Miaka yote hii," alisema, kwa sauti ndogo, kama anaongea na mguu wake.

Tuliporudi alimwambia jirani: "Toa mikono kwenye jiwe la mwenzako."

Jirani aliitoa.

"Jiwe lake litabaki. Lakini yule mgeni alilala kwake, na ute huu ni wa mgeni wake. Basi nyumba yake itasugua jiwe la kukanyagia, na mawe ya njia ya mashimoni, mpaka hao mapadri wajazane tena. Siku mtu akianguka, tutazungumza upya."

"Na madini je?" aliuliza jirani. Wenzake walikuwa wameshaanza kuinua makapu, naye akabeba lake akiwa na uso wa mtu anayejua kwamba siku moja ukweli utatoka.

Mama mkubwa alikaa kwenye mchanga kama aliyekatwa kamba. Hakulia. Alikuwa anaangalia jiwe lake chini ya maji, na mstari wake mweupe.

Kesho yake niliamka kabla yake. Magoti yake yalikuwa mabovu na sikutaka aamke kwa ajili ya kupiga magoti majini. Nilichukua magunzi ya yale mahindi tuliyopukuchua, nikafunga sketi kiunoni, nikashuka peke yangu. Kwenye dirisha la jirani pazia lilisogea, likarudi. Nikamwaga mchanga kwenye jiwe la kukanyagia, nikaanza kusugua kwa gunzi, kwa nguvu, mpaka ute ukawa unaondoka kama ngozi ya maziwa na jiwe likaanza kukwaruza.

Nilikuwa nimefika ukingoni nilipoiona nyota moja. Ilikuwa imetoka kwenye ufa, nyeusi, madoadoa meupe, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ikaja mpaka pale nilipokuwa bado sijasugua. Ikabusu jiwe. Tu. Ikanitazama. Tu-tu.

Nikakumbuka alivyoniuliza mgeni, wewe ulipozaliwa ulifanana na mama yako? Nikaliweka gunzi chini. Nilipolishika tena nilisugua jiwe lote, isipokuwa pale pembeni, sehemu ya kiganja kimoja, ambapo hakuna mtu anayekanyaga. Hapo niliuacha ute kama ulivyo.